David Perlov na Shajara yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapokaa na watu kutazama filamu za David Perlov, maswali huwa yale yale. La kwanza huja hata robo saa haijapita: "Sasa hadithi inaanza lini?" Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine yamekuwa marefu kwa sababu yanastahili, mengine ni ya mstari mmoja. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye swali la supu.

Perlov ni nani?

Ni mtengenezaji wa filamu za hali halisi wa Israeli, zile ambazo wengine huziita dokumentari. Alizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1930 na kufariki Tel Aviv mwezi Desemba 2003. Kazi iliyobeba jina lake ni Shajara, filamu ya sura sita inayochukua kama saa tano na nusu, aliyoipiga kuanzia 1973 hadi 1983, sehemu kubwa nyumbani kwake na katika mitaa aliyoiona kutoka dirishani. Kwa Kiebrania inaitwa Yoman. Neno hilo limetoka kwenye yom, yaani siku, ndugu wa damu wa yaumu yetu tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Jina lenyewe basi halihitaji mkalimani.

Mbrazili alifikaje Israeli?

Kwa kupitia Paris. Baba yake alikuwa mtu wa mazingaombwe, akizunguka mji hadi mji na maonyesho yake. Mtoto alikulia Belo Horizonte, na alipofika miaka kumi akapelekwa São Paulo kwa babu yake. Alitaka kuwa mchoraji, na pale São Paulo alijifunza kwa Lasar Segall, mchoraji mwenye jina kubwa nchini humo. Mwaka 1952 akavuka bahari kwenda Paris kuendelea na uchoraji, na huko sinema ikamchukua mzimamzima. Alipata kazi ya kuendesha projekta kwenye Cinémathèque française, ile hazina ya filamu aliyoijenga Henri Langlois. Kijana mwenye kiu hakosi kunywa mahali kama pale. Akamsaidia pia Joris Ivens, Mholanzi aliyekuwa mmoja wa wazee wa filamu za hali halisi duniani.

Filamu yake ya kwanza, fupi, ilitoka mwaka 1957. Aliitengeneza kutokana na michoro ya msichana mdogo wa karne ya 19 iliyokutwa katika nyumba moja ya Paris. Hapo tayari utamtambua Perlov: kitu kidogo cha nyumbani, cha mtu asiye na cheo, kilichosahaulika chini ya vumbi.

Mwaka 1958 yeye na mkewe Mira wakahamia Israeli na kuanzia kwenye kibbutz ya Bror Hayil, iliyokuwa na wahamiaji wengi kutoka Brazili. Kibbutz ni kijiji cha kulima na kuishi kwa pamoja. Mtanzania wa umri wangu atasema tu "ujamaa" na kuendelea.

Kabla yake, filamu za hali halisi za Israeli zilikuwaje?

Zilikuwa za kulipiwa na serikali, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya Kizayuni (harakati za kuwapatia Wayahudi nchi yao), nazo zilisema alichotaka mlipaji. Trekta linavunja ardhi kavu. Miti inapandwa, kinamasi kinakaushwa, wahamiaji wanashuka melini wakitabasamu. Juu yake muziki mzito na sauti ya mwanamume anayekuhutubia kana kwamba umechelewa kazini. Sisi tuliowahi kukimbilia gari la sinema la serikali uwanjani tunaijua sauti ile. Runinga ya Israeli ya watu wote, si ile ya mashuleni, ilianza mwaka 1968 tu, kwa hiyo mtengenezaji wa miaka ya mwanzo ya 1960 hakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Perlov naye aligonga humo humo. Alipiga filamu fupi juu ya wavuvi wa Jaffa, juu ya wazee katika makao yao, na kazi nyingine za kuagizwa. Chakula lazima kipatikane.

Filamu ya Yerusalemu ilizua nini hasa?

Inaitwa Katika Yerusalemu, ya mwaka 1963, dakika 33, ya rangi. Ilikuwa kazi ya kuagizwa, na walioagiza walitarajia mji mtakatifu uliopigwa pasi. Perlov akawaletea mji wa watu: watoto wanaocheza, nyuso za vichochoroni, na ombaomba.

Ombaomba ndio walioleta kelele. Wakubwa walitaka waondolewe. Taifa changa, wageni wataonaje? Perlov akakataa, na ombaomba wakabaki. Mwaka huo huo filamu ikapata medali ya shaba kwenye tamasha la Venice, na baada ya hapo ikawa vigumu kwa mtu yeyote kusema imeharibika.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa leo hupitwa nalo. Yerusalemu ya 1963 ilikuwa imekatwa vipande viwili. Mji Mkongwe na upande wote wa mashariki ulikuwa chini ya Yordani tangu 1948, na hali ilibaki hivyo mpaka vita vya 1967. Mpiga picha wa Israeli aliweza kuutazama ukuta wa Mji Mkongwe kwa mbali tu. Ndiyo maana filamu ina ile hali ya mtu anayechungulia ua wa jirani. Kwa maoni yangu hakuna filamu ya Israeli ya miaka ile iliyozeeka vizuri kuliko hii.

Baada ya medali ya Venice si alipata kazi tele?

Hata. Hapo ndipo miaka yake mibaya ilipoanza. Alipeleka wazo baada ya wazo kwenye ofisi zilizokuwa na fedha, na mawazo yakarudi. Alipata kutengeneza filamu juu ya David Ben-Gurion mwaka 1969, aliyoiita 42:6. Fungua Isaya sura ya 42, mstari wa sita, utakuta "nuru ya mataifa". Alijaribu pia filamu ya kuigiza, kichekesho kiitwacho Kidonge, kilichoandikwa na mwandishi wa tamthilia Nissim Aloni na kufika majumba ya sinema mwaka 1972. Watu hawakukipokea.

Kwa hiyo pata picha: mtu wa miaka 42, medali kabatini, mke na mabinti pacha wanaokua, na hakuna anayempa filamu ya kutengeneza.

Ndipo akaanza Shajara?

Ndiyo. Mwezi Mei 1973 alinunua kamera ya milimita 16 na kuanza kupiga mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe. Bila mswada na bila waigizaji, wala bosi wa kumwambia ombaomba watoke.

Mwanzoni anapiga kilicho karibu. Mkewe akipita sebuleni. Mabinti wakijiandaa kwenda shule, wakinuna, wakicheka na simu mkononi (ya waya, hiyo). Fundi amekuja. Rafiki amekuja kwa kahawa. Dirisha, barabara, mtu anavuka. Halafu Oktoba 1973 vita vya Israeli na Misri na Syria vinaingia, na vinaingia kama vinavyoingia katika nyumba nyingi: kupitia runinga, na kupitia nyuso za wanaoitazama. Nimeona filamu nyingi zenye vifaru. Zenye nyumba iliyonyamaza wakati vifaru viko mahali pengine, chache sana.

Kwa miaka kadhaa alikuwa anarundika mikanda tu. Baadaye stesheni ya Channel 4 ya Uingereza, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1982, ikaweka fedha, na mikanda ile ikageuka sura sita za chini kidogo ya saa moja kila moja. Mtu aliyenyimwa fedha kwao alimalizia kazi yake kubwa kwa fedha za London. Wasanii wa kwetu watalielewa hilo bila mimi kuongeza neno.

Ile habari ya supu ni nini?

Mwanzoni mwa Shajara kuna bakuli la supu mezani, na mvuke wake unamwita. Perlov yuko nyuma ya kamera. Anasema, kwa maana, kwamba harufu inamvuta, lakini anajua kuanzia sasa itabidi achague: aile supu au aipige picha.

Sekunde chache tu, lakini watu wa filamu wameizungumzia supu ile kwa miaka arobaini. Nami nitaongeza langu. Wengi huichukua kama utani juu ya kazi ya kamera. Mimi naisikia kama mume na baba anayekiri deni. Supu ile imepikwa ili iliwe, na familia imekaa mezani. Anayeshika kamera yuko chumbani na hayupo. Katika saa tano zinazofuata utamwona akijaribu kulilipa deni hilo: anaweka kamera chini, anaichukua tena, anamuuliza binti swali ambalo baba mwingine angeliuliza bila kurekodi.

Familia yake ilikubali kupigwa hivyo?

Tazama mabinti wanavyobadilika. Mwanzoni ni wasichana wanaoigeuzia kamera mgongo au kuikodolea macho kwa ukali. Miaka inapita, wanazoea, wanaanza kuzungumza nayo, na mwishoni ni wanawake wenye maisha yao. Yael akawa mhariri wa filamu, na huko Paris alifanya kazi katika chumba cha uhariri cha Shoah, filamu kubwa ya Claude Lanzmann juu ya mauaji ya Wayahudi mikononi mwa Wanazi. Naomi akaingia kwenye dansi. Mira yuko kila mahali, mara nyingi kimya, na ukiisha kuiona filamu yote utajua nani aliyekuwa anaishikilia nyumba ile isianguke.

Kulikuwa na ugomvi? Sauti ya Perlov inakiri huzuni na uchovu waziwazi. Mengine yako katika namna mlango unavyofungwa.

Si ndicho tunachofanya sote sasa na simu?

Swali hili huulizwa na vijana, na ni zuri. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, gharama. Mkanda wa milimita 16 wa futi 100, kwa mwendo wa kawaida wa picha 24 kwa sekunde, unakwisha baada ya dakika mbili na sekunde 45 hivi. Kisha unausafirisha maabara, unalipia kusafishwa, unangoja, ndipo unaona ulichokipata. Kila unapobonyeza, unasikia fedha ikienda. Kwa hiyo unatazama kwanza, kwa muda mrefu, kisha unapiga. Sisi tunapiga kwanza na mara nyingi hatutazami kamwe.

Pili, sauti. Usimulizi wa Shajara uliwekwa baadaye, mezani, na Perlov mwenyewe ndiye anayeusoma. Kwa hiyo kila picha ina nyakati mbili: siku ilipopigwa, na siku alipoketi akaitazama tena na kutafuta la kusema. Binti unayemwona ana miaka kumi na kitu. Anayemsimulia anajua tayari amekuwa nani. Ondoa usimulizi ule ubaki na picha peke yake, na utakuwa na mikanda ya familia ya mtu mwingine.

Anasimulia kwa lugha gani?

Katika toleo linalojulikana zaidi nje ya Israeli anasimulia kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito, taratibu, kama mtu anayechagua maneno sokoni. Ndani ya picha watu wanazungumza Kiebrania, na kuna Kireno na Kifaransa pia.

Ni filamu ya siasa?

Muongo wenyewe ulikuwa wa siasa, kwa hiyo hakuweza kuikwepa. Mwaka 1977 chama cha Likud cha Menachem Begin kiliwashinda Labour waliotawala tangu nchi ilipoundwa. Mwaka 1982 Israeli ikaivamia Lebanoni, na baada ya mauaji ya Wapalestina katika kambi za Sabra na Shatila mwezi Septemba, umati mkubwa ulijaa Tel Aviv kupinga. Perlov anashuka barabarani na kamera yake. Hafichi upande aliopo: vita vile vinamchosha na kumwaibisha. Lakini hahutubii. Mwanamume mwenye sauti ya mkutano wa hadhara hayumo katika filamu zake.

Na Wapalestina wako wapi?

Ni wachache. Hili ni lalamiko la haki, nami silipingi. Kamera iko katika nyumba ya Myahudi wa Tel Aviv na inaona kinachoonekana kutoka pale. Unaweza kusema huo ndio ukweli wa shajara ya mtu mmoja. Unaweza pia kusema dirisha lina fremu, na fremu hukata. Yote mawili yasimame.

Anayetaka kuona jinsi kamera ya nafsi ya kwanza ilivyotumiwa baadaye kuukabili utawala wa kijeshi katika maeneo ya Wapalestina amtafute Avi Mograbi, aliyezaliwa Tel Aviv mwaka 1956. Mograbi ni mkali zaidi, mcheshi zaidi, na hujiweka mwenyewe mbele ya kamera. Mwaka 2016 alitoa filamu aliyoifanya na waomba hifadhi kutoka Eritrea na Sudan waliowekwa Holot, kituo cha jangwa la Negev kilichofunguliwa 2013 na kufungwa 2018. Kwa msomaji wa upande huu wa Afrika hiyo inaweza kuwa njia ya karibu zaidi ya kuingilia.

Kuna filamu yake juu ya kesi ya Eichmann. Kwa nini haijulikani?

Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda makambi ya mauaji, alihukumiwa Yerusalemu mwaka 1961 na kunyongwa 1962. Perlov aliirudia kesi hiyo mwaka 1979 katika filamu ya runinga iitwayo Kumbukumbu za Kesi ya Eichmann. Mahakama hukuti sana humo. Anakaa na watu na kuwauliza kesi ile iliacha nini ndani yao, wakiwemo manusura na vijana waliozaliwa baadaye.

Mmoja wao ni Henryk Ross, mpiga picha wa ghetto ya Łódź nchini Polandi, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Kazi yake rasmi ilikuwa kupiga picha za vitambulisho na za propaganda. Kwa siri alipiga njaa na watu waliokuwa wakipakiwa kwenye treni. Mwaka 1944 alizifukia negativu zake ardhini, akazifukua 1945, na kisha akatoa ushahidi katika kesi. Kumtazama Perlov, mtu aliyepiga supu ya nyumbani kwake, akimsikiliza mtu aliyepiga picha kwa hatari ya kuuawa, ni kukutana na swali moja kutoka pande mbili zisizofanana hata kidogo.

Filamu hiyo ilirushwa, ikawekwa kabatini kwa miongo mitatu, na ikatengenezwa upya ili ionyeshwe tena mwaka 2011.

Aliishi kwa kazi gani?

Ualimu. Alikuwa miongoni mwa wajenzi wa idara ya filamu ya Chuo Kikuu cha Tel Aviv na alifundisha huko kuanzia miaka ya 1970. Kazi za kuagizwa nazo hazikukoma. Mwaka 1977, kwa mfano, alitengeneza Biba, juu ya mwanamke kijana aliyefiwa na mumewe katika vita vya 1973. Usiipite. Ni mfano mzuri wa namna ya kukaa na mfiwa bila kumkamua machozi.

Kwa nini sura ya mwisho inarudi Brazili?

Kwa sababu hesabu yake ilibaki huko. Anarudi São Paulo na Belo Horizonte akiwa mtu mzima, na miji haimjui. Katika kumbukumbu zake za utoto yuko Dona Guiomar, mwanamke mweusi aliyemlea, ambaye humtaja kwa heshima ya mama. Mzazi wa kumzaa ni mmoja na mlezi ni mwingine, na Perlov hakujifanya hajui anamdai nani nini. Hapa kwetu, ambapo nusu ya watu mjini wamelelewa na bibi, shangazi au dada wa kazi, sehemu hii watu huitazama wakiwa kimya.

Alitambuliwa lini?

Kwao, kwa kuchelewa: Tuzo ya Israeli, ya juu kabisa nchini humo, alipewa mwaka 1999. Alikuwa na karibu miaka 70.

Baada ya Shajara alifanya nini?

Aliirudia. Shajara ya pili, ya miaka ya 1990 hadi 1999, ilitoka mwaka 2001 katika sehemu tatu, ikiwa na mkono wa mtu aliyezeeka na asiye na haraka yoyote. Kazi yake ya mwisho ni ya 2003, ikikusanya picha zake za mnato tangu 1952, yaani tangu Paris. Mwaka huo huo akafariki.

Nianze na ipi?

Katika Yerusalemu kwanza, kwa sababu ni dakika 33 tu na utajua mara moja kama mnaelewana. Kisha sura ya kwanza ya Shajara, usiku, nyumba ikishatulia. Usizitazame sita kwa siku moja. Niliwahi kufanya hivyo na kufikia ya nne nilikuwa nasikia sauti ya Perlov hata nikiosha vyombo. Moja kwa wiki inatosha. Na ukianza, kula kwanza.